Kinshasa: Barabara Inayojibu

Picha zilinifikia kabla ya mji wenyewe. Mtu aliyevaa vichwa na viungo vya wanasesere wa plastiki kuanzia utosini hadi miguuni. Mwingine amefunikwa makopo ya soda na bia. Mwanamke amejizungushia nyaya za umeme kifuani, mabegani, kichwani. Wote wamesimama wima katika vichochoro vya Kinshasa, wameikazia macho kamera. Picha hizo, za Colin Delfosse wa Ubelgiji na za Stephan Gladieu wa Ufaransa, zimezunguka magazetini na katika kumbi za maonyesho, na kwa wengi wetu tulio mbali ndizo zimekuwa sanaa yenyewe. Mimi nilibaki na swali la mshamba: kabla ya kusimamishwa hapo, mtu huyu alikuwa akielekea wapi? Na akishapigwa picha, anakwenda wapi?

Ndipo nikafunga safari. Saa ya Kinshasa iko nyuma ya saa ya Dar es Salaam kwa saa mbili, na hizo mbili nilizirudisha zote, na nyingine juu yake, kwenye foleni ya Bulivadi Lumumba, njia itokayo uwanja wa ndege wa Ndjili kuingia mjini. Pembeni yetu zilipita teksi za njano na yale mabasi madogo ya Mercedes yaliyotobolewa madirisha ubavuni, ambayo wenyeji wanayaita roho za mauti na wanayapanda kila siku bila kutetemeka. Bodaboda zao, zinazoitwa wewa, zilipenya pale ambapo mimi nisingepitisha baiskeli.

Kongo ina lugha nne za taifa: Kikongo, Kilingala, Kiswahili na Kiluba. Kinshasa ni ya Kilingala, lakini mji wenye watu zaidi ya milioni 15 haukosi Waswahili. Mwenyeji wangu alikuwa kijana wa Bukavu anayesoma uchongaji. Aliniita papa tangu salamu ya kwanza, nami nikamwita mdogo wangu. Aliponisikiliza kidogo alicheka. "Papa, Kiswahili yenu ni ya kitabu," akasema. "Lakini tutasikilizana."

Tulianzia Makumbusho ya Taifa, jengo lililogharimiwa na Korea Kusini na kufunguliwa mwaka 2019 katika Bulivadi Triomphal, si mbali na Bunge. Ni jengo zuri, lenye kivuli na hewa. Ndani yake kuna vinyago vya kuvaa vya makabila mengi ya nchi ile, na mwenyeji wangu alinisimamisha mbele ya vya Wapende. Alinieleza kwamba ninachokiona ni kichwa tu. Kiwiliwili kilikuwa cha nyuzi za ukindu, miguu ilikuwa ya mchezaji, sauti ilikuwa ya ngoma, na maana ilikuwa ya kijiji kizima kilichojua huyu aliyetokea ni nani, anamkejeli nani na anadai nini. Kioo kimehifadhi ubao. Kijiji hakikuingia kwenye kabati.

Kutoka hapo tulikwenda Académie des Beaux-Arts, chuo anachosoma. Chuo hicho kilianzishwa na bruda wa Kibelgiji mwaka 1943 huko Gombe-Matadi, kikahamishiwa Kinshasa mwaka 1949, enzi hizo mji ukiitwa Léopoldville. Bustani yake imejaa sanamu za wanafunzi na walimu wa vizazi vingi. Mafunzo yake ya asili ni uchoraji, uchongaji, kauri na ufuaji wa metali. Humo walipita wachoraji na wachongaji mahodari, na humo pia kilizaliwa kizazi kilichochoka kutengeneza kitu cha kutundikwa ukutani kwa mteja ambaye hayupo. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 vijana walianza kutoka nje na miili yao. Mwaka 2003 likaundwa kundi la Eza Possibles, na wengine wakafuata kwa njia zao. Mwaka 2013 Eléonore Hellio na Michel Ekeba walianzisha Kongo Astronauts, na tangu hapo mwanaanga aliyevaa suti iliyobandikwa mabaki ya vifaa vya elektroniki amekuwa akionekana akitembea polepole katikati ya mji, kana kwamba chombo chake kimemtelekeza.

Sanaa hii wenyewe wanaiita pafomansi. Kwa kijana asiye na studio, turubai wala rangi, ni sanaa inayoanza na alichonacho: mwili, barabara na taka. Na hapo kuna historia ambayo wazee wa Kinshasa hawahitaji kusimuliwa. Enzi za Mobutu, dola lenyewe lilikuwa bingwa wa maonyesho ya hadharani. Wafanyakazi na wanafunzi walipangwa mistari wacheze na kuimba sifa za chama na za Rais, na jambo hilo lilikuwa na jina rasmi, "animation politique". Mtu alicheza kwa sababu ameamriwa. Mobutu aliondoka Mei 1997. Watoto wa wale waliochezeshwa wameirudia barabara ile ile, na safari hii hakuna anayewapangia mistari.

Matonge, katika komuni ya Kalamu, ndiko wengi wao walikopiga kambi. Mtaa huu unajulikana kwa muziki tangu zamani. Mzunguko wa Victoire ulio mlangoni mwake una mnara wa kuwaenzi wasanii, na karibu yake imesimama sanamu ya mwanamuziki Franco na gitaa lake. Baa ziko ukuta kwa ukuta, na kila moja imepandisha sauti ili kumfunika jirani. Ndani ya mtaa huo wamo wasanii wa Ndaku ya La Vie Est Belle, kundi ambalo nyumba yao ni karakana, bweni na ghala kwa pamoja. Nyuma ya kundi hilo yupo Eddy Ekete, msanii aliyesoma Kinshasa na kisha Strasbourg, ambaye mavazi yake ya makopo ndiyo yale ya picha niliyoitaja. Mwaka 2015 alianzisha KinAct, tamasha ambalo ukumbi wake ni mitaa.

Ukiyatazama maleba ya wasanii hawa moja moja, kila vazi limebeba hoja. Falonne Mambu ndiye wa nyaya za umeme. Kongo ina mabwawa ya Inga, la kwanza likiwa limeanza kazi mwaka 1972 na la pili 1982, kwenye maporomoko ambayo wataalamu wanayahesabu miongoni mwa vyanzo vikubwa kabisa vya umeme wa maji duniani. Na bado takriban Mkongo mmoja tu kati ya watano ndiye mwenye umeme. Mwanamke aliyevaa nyaya zisizopitisha kitu hahitaji kuandika bango. Precy Numbi alijitengenezea roboti ya vipuri vya magari, akaiita Kimbalambala, jina wanalopewa magari mikweche. Ni magari yaliyochoka Ulaya yakaletwa Afrika kufia. Yuko pia wa simu mbovu, katika nchi inayochimba zaidi ya theluthi mbili ya kobalti ya dunia: madini yanaondoka kama mawe, yanarudi kama simu, na simu inaishia jalalani Kinshasa.

Yule wa wanasesere ni Shaka Fumu Kabaka, na vazi lake analiita Matshozi 6 Jours. Mswahili akilisoma kwa sauti hahitaji mkalimani. Ni machozi ya siku sita za Juni 2000, pale majeshi ya Rwanda na Uganda, yote mawili yakiwa ugenini, yalipopigana yenyewe kwa yenyewe ndani ya mji wa Kisangani. Maelfu ya makombora yaliangukia makazi ya watu, mamia ya raia wakafa. Februari 2022 Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliiamuru Uganda kuilipa Kongo dola milioni 325 kwa madhara ya vita vya miaka ile kwa jumla, si ya Kisangani pekee. Mahakama ilichukua miaka na mafaili. Vazi la vichwa vidogo vya plastiki linatembea barabarani na kila mzazi anayekutana nalo anaelewa kabla hajaelezwa.

Haya yote, hata hivyo, ungeweza kuyasoma chini ya picha. Nilichokuwa sijakisoma popote ni kile kilichotokea walipovaa vijana wengine, wale ambao bado hawana jina, siku nilipokaribishwa kushuhudia matayarisho yao uani kwa jamaa mmoja Matonge.

Kuvaa ni kazi ya jasho. Msichana mmoja alikuwa akishona ndala kuukuu kwenye ovaroli kwa waya na koleo. Kijana mwingine aliingizwa ndani ya gamba la vifuniko vya chupa, maelfu yake, vimetobolewa na kutungwa. Wenzake wawili walilinyanyua na kumshushia mabegani. Kila aliyevaa alipewa mtu wa kumwongoza, kwa sababu ndani ya maleba hayo huoni mtaro, huoni pikipiki, na joto linakupanda haraka. Walikubaliana ishara: kugongwa mara mbili mgongoni maana yake simama. Hakukuwa na hotuba wala maombi marefu. Mmoja aliuliza kama kuna mwenye maji, mwingine akafungua geti.

Barabara ilijibu kabla hatujafika kona. Watoto ndio walioanza, wakakimbia mbele na kupiga kelele, "Oyo eza nini?" Hiki ni nini? Swali hilo lilitufuata mchana mzima, na uzuri wake ni kwamba hakuna aliyemsubiri msanii alijibu. Fundi viatu alisema ni matangazo ya kampuni ya bia. Mama mwuza pondu, kisamvu cha huko, akamkatalia, akasema hao ni watoto wa chuo wanaosemea taka. Mzee aliyekuwa akicheza drafti alisema hapana, huyo ni mzimu wa mto Kalamu, umeamka kwa hasira kwa sababu ya chupa tulizoutupia. Wote watatu wakaanza kubishana, na kijana wa vifuniko alipowasikia akasimama, akajitikisa mwili mzima, vifuniko vikalia kama mvua juu ya bati. Ubishi ukapanda daraja. Mzee wa drafti akajiona ameshinda.

Mwenyeji wangu alinong'ona: "Hapa batu habanyamazake, papa. Ukitoka inje na kitu, banakujibu."

Nimekaa katika kumbi nyingi za majaribio ya sanaa, Dar es Salaam na kwingine. Naijua heshima yake: kiti, giza, makofi, halafu maswali na majibu ambapo watu saba wanamsifu msanii kwa lugha ya vitabuni. Pale Matonge nilimwona msanii akihojiwa na watu mia ambao hawakumlipa, hawakumwalika na hawana sababu ya kumstahi. Akichosha, wanaondoka. Akiwagusa, wanaacha biashara zao. Msichana wa ndala alikuwa amepanga kutembea kimya hadi mwisho, nikaelezwa baadaye. Lakini pale mwanamke mmoja alipoinama, akagusa ndala ya kitoto iliyoshonwa karibu na goti, akauliza mwenyewe yuko wapi, msichana alisimama, akaivua ndala ile na kumpa. Haikuwa kwenye mpango. Kuanzia hapo kila mtaa ulidai chake, na alipofika Victoire ovaroli lake lilikuwa na mapengo makubwa. Onyesho lilikuwa limebadilika mikononi mwa watazamaji, naye aliliacha libadilike. Naihesabu hatua ile kuwa ya kiufundi kuliko vazi lenyewe.

Siku nyingine nilimwona msanii asiye na maleba kabisa. Alivaa gauni la kawaida, kichwani amejitwika bidoni, yaani dumu, la njano, tupu, na akasimama jirani na bomba la maji ambalo halikuwa likitoa kitu. Foleni ya mabidoni ya kweli ilikuwa imepangwa hapo tangu alfajiri, wenyewe wengi wamekwenda zao. Yeye alikuwa akimwendea mpita njia mmoja mmoja, anashusha bidoni, anafungua kizibo na kumwekea mbele bila kusema neno. Wapo waliotia noti. Mvulana mmoja alitia wimbo: aliinamisha mdomo tunduni akaimba, kisha akafunga kizibo yeye mwenyewe ili wimbo usitoroke, watu wakacheka sana. Mwanamke mmoja mtu mzima alimkaripia kwa kuwachezea wenye shida. Alipomaliza kukaripia, alinunua kifuko cha maji ya kunywa kwa mchuuzi, akakitoboa kwa jino na kukimimina ndani. Msanii alilibeba bidoni lile na maji yake kidogo hadi mwisho wa foleni, akaliweka zamu yake, akaketi kusubiri na wengine.

Nilikaa naye baadaye kwa kwanga, mkate wa muhogo, na samaki. Nilimuuliza kwa nini hakumjibu yule mama. Alisema, kwa tafsiri ya mwenyeji wangu, kwamba karipio ndilo lililokuwa jibu zuri kuliko yote siku ile, na yeye alikuja kuokota majibu.

Barabara hiyo hiyo huuma. Kinshasa ni mji wa makanisa ya uamsho, na mtu anayetembea amejigeuza umbo ni rahisi kuitwa ndoki, mchawi. Filamu ya Renaud Barret, Système K ya mwaka 2019, imeonyesha wasanii wa mitaani wa mji huu wakigongana na hasira ya umati na mkono wa polisi. Katika msafara niliofuatana nao, mwanamume mmoja aliyeshika Biblia alitutangulia kwa muda, akikemea. Waongozaji walimfuata wakazungumza naye kwa adabu, wakimwita papa, hadi akachoka. Kisha wakaja watu wawili wenye sare wakitaka karatasi ya ruhusa, wakataka na kitu kingine ambacho hakikuwa karatasi. Mazungumzo hayo yalichukua muda mrefu kuliko yale ya Biblia, na kijana wa vifuniko alibaki amesimama juani, hawezi kukaa, maana vazi lake halikunjiki.

Kisha kuna fedha. Msanii anayeanza hapa huuza nini? Vazi la makopo haliingii sebuleni kwa mtu. Onyesho likiisha limeisha. Kinachouzika ni picha, na mwenye picha kwa sheria ni mpiga picha. Mwaliko wa nje huja kwa njia hiyo hiyo: mtu ameona picha, anataka kuona mwili, kisha inaanza safari ya viza ambayo wengi hawaifikishi mwisho. Vijana niliokaa nao walilijadili jambo hili kwa utulivu ulionishangaza. Baadhi wamejifunza kamera wenyewe. Baadhi wanadai mkataba kabla ya kuvaa. Mmoja alisema apigwe picha na yeyote, mradi jina lake liandikwe sawasawa. Kundi la Fulu Miziki, ambalo jina lake ni muziki wa taka, limepata njia nyingine: ala zao ni mabomba ya plastiki, madumu na ndala za kupigia, na kwa kuwa wanapiga muziki wana kitu cha kurekodi na cha kutoza kiingilio. Mtu wa pafomansi tupu hana faraja hiyo.

Niliporudi nilimsikia rafiki yangu akisema mambo haya ni ya kigeni, yameletwa na wafadhili. Nilimkumbusha ngoma ya beni. Mwishoni mwa karne ya 19 vijana wa Lamu na Mombasa walianza kuvaa sare za kubuni, wakajipa vyeo vya majenerali na wafalme, wakatembea mitaani na tarumbeta na ngoma, makundi hasimu yakishindana kwa mavazi, nyimbo na dhihaka. Vita vya 1914 hadi 1918 vilikuta beni imeshaingia bara, na baada yake ikaenea zaidi, ikafika hata Katanga. Watawala walishindwa kuamua kama wanatukanwa au wanaigwa. Wamakonde nao kwenye mapiko, ngoma yao ya vinyago, wamekuwa wakiwaigiza karani, askari na mzungu, kila kizazi na mkubwa wake wa kumcheka. Wote hao walitumia mwili uliojigeuza, njia ya watu wote na mtazamaji mwenye haki ya kujibu. Vijana wa Matonge wamebadilisha malighafi.

Sisi ndio tulioihamishia sanaa hiyo ndani. Dar es Salaam tuna vijana hodari, na Nafasi Art Space ya Mikocheni imewapa wengi wao mahali pa kujaribu bila kuchekwa. Nashukuru kwamba pako. Lakini kazi inayozaliwa na kukulia ndani ya geti huzoea watazamaji wa ndani ya geti, wale wanaojua wakati wa kupiga makofi. Onyesho la hadhara kwetu lina vibali vyake, ada zake na barua zake, na kijana anayeanza huona bora abaki ukumbini. Sisemi tuvunje taratibu. Nasema manispaa ikitenga hata kipande kimoja cha Kariakoo au Mbagala kwa siku chache za mwaka, mtu aingie na kazi yake ambayo haijaiva aione inavyojibiwa na mwuza mahindi, tutapata wasanii wenye ngozi ngumu na masikio mapana.

Atakayekwenda Kinshasa kuwaona avae viatu vya kufunga, achukue noti ndogo ndogo na amtafute mtu wa kumsemea Kilingala. Asiulize ratiba kwa ukali. Msafara hutoka ukiwa tayari. Akitaka kupiga picha aombe, aandike jina la msanii, na aulize bei bila haya. Na asidhani atasimama pembeni kama mgeni. Saa moja baada ya kutoka getini, mama mmoja alinigeukia mimi, akanyoosha kidole kwa yule wa vifuniko, akaniuliza ninaonaje. Watu sita walinyamaza kunisubiri, na Kiswahili cha kitabu kilibidi kifanye kazi.